Namba Aliyoishika Yahaya

Usiku ule wa kuamkia Jumatano tulikuwa wanne. Nawataja kwanza, maana ndoto ikisimuliwa bila watu wake huonekana uongo. Wa kwanza ni mume wangu, marehemu Yahaya Sudi, aliyekuwa mshika usukani wa meli ya mizigo Kuhe, ya hapa kwetu Ziwa Tanganyika. Wa pili ni dada yake, wifi yangu Zena Sudi, naye marehemu, alimfuata kaka yake baada ya mwaka mmoja kwa ugonjwa wa moyo. Wa tatu ni Haruni Mlela, ambaye yuko hai, anakaa Katubuka, na siku zile alikuwa ofisa kijana ndani ya meli hiyohiyo. Wa nne ni mimi, Mwajuma binti Kassimu, mke wa Yahaya. Naandika kwa mkono wangu. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa Mwalimu Petro Ntabaye, kwa hiyo herufi zangu mtazivumilia.

Nililala mapema. Nyumba yangu hii ya Ujiji ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Nilikuwa nimepika ugali ukabaki, kama unavyobaki kila siku, kwa sababu mkono wangu mpaka leo haujajifunza kupima unga wa mtu mmoja. Nikaufunika, nikazima taa.

Lakini siwezi kuwaingiza ndotoni kabla hamjajua kilichotokea mchana, miaka ile.

Kuhe ilitoka Kigoma alfajiri kwenda kusini, imebeba unga na saruji. Ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba. Moshi hushuka ukakaa juu ya maji, milima yote inafutika, unaona weupe tu kama umefunikwa shuka. Asubuhi injini moja ikafa, wakaendelea na ile iliyobaki, polepole. Nahodha Bilali Makwaya akashuka chini kwa mafundi. Issa Kabemba, mwenzake Yahaya wa kupokezana usukani, alikuwa na homa. Juu wakabaki wawili, Yahaya kwenye usukani na Haruni Mlela akiwa ofisa wa zamu. Saa tisa alasiri meli ikapanda mwamba, kusini kidogo mwa Mahale, mahali ambapo haikutakiwa kuwepo kabisa.

Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Ila unga ulilowa na tumbo la meli likachanika. Likakaa baraza la uchunguzi siku mbili. Waliikagua dira wakaikuta haina kosa. Basi wakasema, kama dira haina kosa, mwenye kosa ni mkono ulioifuata. Mshika usukani alisinzia. Yahaya akaondolewa kazini, na binti yetu Mwanaidi, aliyekuwa na miaka tisa, akaitwa shuleni Mtoto wa Msinziaji. Alilizoea jina lile mpaka akawa analiitikia. Leo Mwanaidi ni mtu mzima, yuko Tabora, ana watoto watano na mjukuu, na hakuna hata mmoja aliyempa jina la baba yake.

Na mimi nina la kwangu. Jioni ile aliporudi kutoka kwenye meli, kabla ya baraza, Yahaya alikaa kwenye kizingiti cha jiko. Nilimpa chai. Akasema, "Nilishika namba niliyopewa, Mama Mwanaidi. Meli ilipunguza mwendo, dira haikuambiwa."

Nilikuwa napuliza moto, kuni zilikuwa mbichi. Sikuelewa. Dira inaambiwaje? Nikaona ni maneno ya mtu aliyechoka. Nikamjibu bila hata kugeuka, "Labda ulisinzia kidogo, Baba Mwanaidi. Binadamu huchoka."

Akaweka kikombe chini, na chai ikabaki nusu. Kuanzia jioni ile hakusema tena habari ya ziwa. Akawa fundi baiskeli pale karibu na soko, akaziba pancha na kukaza breki miaka sita, kisha akafa. Hatukugombana hata siku moja. Watu walisema ndoa yetu ni ya mfano.

Sasa ndoto.

Niko jikoni kwangu, uani. Zena amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua dagaa na kutupa mchanga. Simshangai, ingawa nilimwosha mimi mwenyewe siku aliyokufa. Nataka kukaa karibu naye, lakini sakafu inanitetemesha nyayo. Natazama chini. Sakafu ya jiko langu ni chuma, ina misumari mikubwa ya vichwa vya mviringo, na ni ya moto kidogo.

Zena hakuinua macho. "Wifi, mpelekee kaka yangu chakula juu. Au umeshazoea kumlaza njaa?"

"Juu wapi?"

"Ngazi hiyo. Miaka yote umeolewa na msukani, hujui anakofanya kazi?"

Alisema kweli. Sisi wake wa mabaharia tulikuwa tunafika kwenye geti la bandari tu. Tunakabidhi kikapu, tunarudi. Sikuwahi kukanyaga ndani ya Kuhe. Nikachukua sahani, samaki migebuka wa mawese na ugali wa muhogo, nikapanda. Ngazi ilikuwa ya chuma, nyembamba, na kila hatua nilisikia nyumba yangu ikishuka nyuma yangu, na sikusikia sauti ya mtu yeyote duniani.

Juu kuna chumba cha vioo. Vioo vyote ni vyeupe, moshi umevilalia. Yahaya amesimama katikati, amenipa mgongo, mikono miwili kwenye usukani. Amevaa shati lake la kaki nililomshonea kwapa kwa uzi wa bluu, kwa sababu wa kaki ulikuwa umekwisha. Uzi ule nauona. Nikasimama mlangoni na sahani yangu kama mgeni.

"Baba Mwanaidi."

"Weka hapo."

Hakugeuka. Nikaweka. Nilikuwa nimemtamani miaka mingi, na sasa yuko hatua tatu mbele yangu, na sikupata la kufanya na mikono yangu.

Zena naye yumo, pembeni, ungo wake mapajani. Sijui alipandaje. "Kaka, mpe ashike," anasema. "Huyu kazi yako ameijua kwa harufu ya nguo tu."

Yahaya akasogea nusu hatua. "Njoo ushike."

Nikashika. Mbele yangu kulikuwa na sahani ya duara yenye namba, inayumba kushoto na kulia taratibu. Akanionyesha kwa kidole. "Mia moja sabini na nne. Usiiache."

"Mia moja sabini na nne," nikasema moyoni, na nikaishika.

"Haya, Nahodha Mwajuma," Zena ananitania. "Jikoni wamekufukuza, umekuja kutuzamisha huku."

Namba ikikimbia kulia, naifuata kidogo. Ikirudi, narudi nayo. Nilijifunza upesi, kama mtu anavyojifunza kubeba mtungi, mwili wenyewe unajua. Moshi haubadiliki. Hakuna kilima, hakuna mtumbwi, hakuna ndege. Miguu ikaanza kuniuma, kisha ikafa ganzi. Njaa ikaja ikapita. Nadhani nilisimama siku nzima. Nikabaki mimi peke yangu na namba ile, na nawaambia kweli, katika maisha yangu sijawahi kufanya kitu kwa uaminifu kama nilivyoishika mia moja sabini na nne.

Halafu, mkono wa kushoto, ndani ya weupe, mti.

Mti mmoja, kisha mitatu, kisha mwamba mweusi umelowa. Ziwa limekwisha, nchi kavu imetujia kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango. Natazama ile sahani ya namba. Inasema mia moja sabini na nne, haijasogea hata kidogo.

"Baba Mwanaidi, nimeshika."

"Najua."

"Sijaiacha hata mara moja. Sikusinzia."

Akageuka sasa, akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake hayakuwa na hasira. Ningependa yangekuwa nayo.

"Najua," akasema.

Meli inagonga bila sauti. Naona tu dagaa wa Zena wakiteleza ndani ya ungo, wote upande mmoja.

Tuko chini, chumba kidogo hakina dirisha. Kuna sanduku la chuma linalomfikia mtu kifuani, linanguruma ndani kwa ndani kama paka, na ubavuni mwake kuna kifundo cha kuzungusha, kama kile cha kutafutia stesheni kwenye redio, kimezungukwa na namba ndogo. Yahaya ameweka kiganja juu ya sanduku, kama alivyokuwa akimwekea Mwanaidi kiganja kichwani. "Hii ndiyo dira yenyewe," anasema. "Tunaiita jairo. Ile ya juu inaonyesha tu inachoambiwa na hii."

Nikauliza. Niliuliza swali ambalo lilitakiwa liulizwe jikoni, kuni zikiwa mbichi.

"Dira inaambiwaje, Baba Mwanaidi?"

Hakusema kwamba nimechelewa. Alinieleza taratibu.

"Ndani kuna pia, kama zile wanazochezea watoto, ila hii inazungushwa na umeme na haianguki. Haina sumaku. Inaihisi dunia jinsi inavyozunguka, ndipo inajipanga kuielekea kaskazini. Meli ikienda mashariki au magharibi, ile pia haisumbuliwi. Lakini meli ikienda kaskazini au kusini, mwendo wake unachanganyika na mzunguko wa dunia. Ile pia haiwezi kuvitenganisha. Inapinda kidogo, na meli ikizidi kasi nayo inazidi kupinda."

"Na ziwa letu limelala kaskazini na kusini."

"Limelala hivyo lote. Kwa hiyo kila safari ofisa anakuja hapa kwenye kifundo, anaiambia, leo tunakwenda kwa mwendo huu. Nayo inaliondoa kosa lake."

Nikainama. Kifundo kimesimama kwenye kumi na mbili.

"Siku ile mlikuwa mnakwenda ngapi?"

"Injini ilipokufa, maili sita kwa saa. Walipunguza mafuta, wakaandika kwenye daftari, wakawaambia mafundi. Kila mtu aliambiwa isipokuwa hii."

"Kwa hiyo ikafanya nini?"

"Ikaondoa kosa ambalo halipo."

Nikamwuliza, kosa lenyewe kubwa kiasi gani, maana niliona aibu kwamba kitu kidogo kama kifundo kimekula nyumba yangu. Akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada, vimekaribia kugusana. "Hata nusu digrii haifiki. Ukiitazama kwenye sahani, huioni. Ukitembea nayo mchana kutwa, umesogea kushoto kama kutoka nyumbani kwetu mpaka shuleni kwa Mwanaidi. Na mwamba ulikuwa hapo katikati."

Nikanyoosha mkono nikizungushe kile kifundo, nikirudishe kwenye sita. Akanishika kiwiko. Mkono wake ulikuwa baridi, na ndiyo mara pekee aliyonigusa usiku ule.

"Si kazi yako. Wala haikuwa yangu. Mshika usukani hapewi kugusa hapa. Anapewa namba, anaishika."

Mlango ukafunguka, akaingia Haruni Mlela. Si yule Haruni mwenye fimbo mnayemjua. Ni kijana mwembamba, shati jeupe, jasho linamchuruzika shingoni. Anahema kama aliyekimbia ngazi. Hakunitazama mimi. Akasimama mbele ya kifundo, akakizungusha, kumi na mbili, kumi, nane, sita. Akajifuta vidole kwenye suruali. Ndipo akamwona Yahaya.

"Kaka Yahaya," akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Umeona?"

Yahaya hakuondoa kiganja juu ya sanduku.

"Mimi hutazama mbele tu," akasema.

Haruni akatoka, na mlango ukajifunga polepole wenyewe.

"Ulimwona," nikasema. "Ulimwona kwa macho yako akikirudisha kabla baraza halijaikagua dira. Mbona hukusema barazani? Siku mbili mmekaa pale, mbona hukusema?"

Yahaya akaondoa kiganja juu ya sanduku.

"Nilianza kusema nyumbani."

Nilitaka kumwambia kuni zilikuwa mbichi. Nikaona hiyo nayo si sababu.

Ngurumo ya sanduku ikaisha. Tuko chumbani kwangu, chumba hikihiki ninacholala. Kitanda hakipo. Mahali pa kitanda pana usukani, na Yahaya ameushika, na sasa ni mzee kama siku aliyokufa, mvi mpaka kwenye nyusi, mabega yameshuka. Hakuna meli wala ziwa. Dirishani naona ua wangu na kamba ya nguo. Zena amesimama mlangoni, ungo mtupu kwapani.

"Hujaachia mpaka leo?" nikamwuliza.

"Mshika usukani haachii hivihivi," akasema. "Anayetoka zamu anataja namba. Anayeingia anairudia kwa sauti. Akisharudia, ndipo mikono inatoka. Siku ile walinishika bega wakaniondoa. Nilitaja, hakuna aliyerudia."

Halafu akataja. "Mia moja sabini na nne."

Nilifungua mdomo, na mdomo ulikuwa kama umejaa unga mkavu. Nilijua kwamba nikirudia, nakiri. Nakiri kwamba alikuwa sawa tangu jioni ile, na kwamba mtu wa kwanza kumwita msinziaji hakuwa wa barazani wala shuleni. Yeye anangoja, hanihimizi, kama alivyokuwa akingoja chakula akiwa hai, bila kuuliza.

Zena akachoka. "Sema, wifi. Au na leo unapuliza moto?"

"Mia moja sabini na nne," nikasema.

Vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja. Viganja vilikuwa vyeupe, vimekatwa mistari. Akavitazama kama vya mtu mwingine. Akaketi kizingitini, akavuta sahani ya chakula niliyoiacha juu kule, sijui ilishukaje, akamega tonge, akachovya, akatafuna.

"Chumvi umezidisha," akasema.

"Siku hizi sionjeshi mtu."

Akacheka kwa pua, kidogo, kile kicheko chake. Akala mpaka akamaliza. Zena alikwisha kutoka, nilisikia kandambili zake uani, halafu sikuzisikia. Yahaya akanawa kwa maji yaliyokuwa kwenye kata, akasimama, akajinyoosha mgongo. Nikajua anaondoka. Nikataka kumwomba anichukue, na nadhani aliliona ombi langu usoni, maana alitikisa kichwa kabla sijalisema.

"Mwambie Mwanaidi nilikuwa macho."

"Hataki habari zako. Nikianza tu, anasema mama, yamepita."

"Mwambie hivyohivyo."

Nikaamka.

Mikono yangu ilikuwa imekunjwa mbele ya kifua, vidole vimeshika hewa, na vilikuwa vinauma. Nje mwadhini alikuwa ameanza. Nilivikunjua polepole, kimoja kimoja. Nyumba ilikuwa kimya, na ugali wangu wa jana ulikuwa pale nilipoufunika, mzima.

Sikwenda kwenye simu. Kwenye simu Mwanaidi anakata. Nimechukua daftari nikaandika, ili neno hili limkute hata kama hataki kulisikia, na watoto wake walisome wakiwa wakubwa. Mwanaidi, mwanangu. Baba yako alikuwa macho. Mimi ndiye niliyesema alisinzia, nikalisema kabla ya mtu mwingine yeyote, na sikuwa nimeona kitu.

Na wewe, Haruni Mlela, haya utasomewa, Katubuka si mbali. Mimi sijui meli. Niliyoandika hapa nimeyaona kwa macho yaliyofumba, na mwanamke wa darasa la nne anaweza kukosea mambo ya pia na digrii. Kama namba haikuwa mia moja sabini na nne, nisahihishe. Kama mwendo haukuwa sita, au ulikuwa mkono wa kulia na si wa kushoto, nisahihishe. Kama hukukigusa kile kifundo, njoo useme mbele yangu, nitafuta ukurasa huu mwenyewe na nitakuomba radhi mbele ya watu. Mlango wa uani huwa sifungi mchana. Lakini njoo mapema, Haruni, wewe na mimi ni wazee, na wengine wote waliokuwepo wamekufa.